Imani, mapenzi na lugha ya picha katika ushairi wa Wapuritani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapuritani walikuwa nani, na tunazungumzia washairi gani?

Walikuwa Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na ya 17 walioona kwamba kanisa la nchi yao halijajisafisha vya kutosha na desturi za Kikatoliki. Walimfuata mwanateolojia John Calvin: mtu haokolewi kwa matendo yake, Mungu ndiye anayechagua, na neema hainunuliki. Mwaka 1630 kundi kubwa lililoongozwa na John Winthrop lilivuka Atlantiki na kuhamia koloni la Massachusetts Bay. Ndani ya meli ya Arbella alikuwemo Anne Bradstreet, aliyekuwa na umri wa miaka 18 hivi na tayari ameolewa.

Majibu mengi hapa yanamhusu yeye pamoja na Edward Taylor, aliyefika 1668, akasoma Harvard, kisha akawa mchungaji na tabibu wa Westfield, mji mdogo wa mpakani. Michael Wigglesworth tunampita haraka. Shairi lake la siku ya hukumu, "The Day of Doom" la 1662, lina beti 224 na lilisomwa sana enzi zake, lakini anayetafuta sitiari atatoka humo na njaa.

Si walikuwa watu wakavu, wasiotaka kusikia habari za mapenzi?

Hapana. Mapenzi ya mume na mke kwao yalikuwa jambo jema, na mchungaji aliweza kuyasifu mimbarini bila aibu. Walichokiogopa ni mtu kukipenda kitu cha duniani kuliko Muumba wake. Kwa hiyo mgogoro katika mashairi haya hauhusu kama inafaa kupenda. Unahusu kiasi: pendo la mtu likizidi, linakula nafasi ya nani?

Msomaji wa Kiswahili ana neno moja la ziada la kuangalia. Sisi tumezoea kutenganisha *mapenzi* ya wawili na *upendo* wa kanisani. Kiingereza cha Bradstreet kina neno moja tu kwa yote mawili, na mashairi yake yamesimama juu ya neno hilo moja. Ukisoma huku umeshaamua "hapa ni mapenzi, pale ni upendo", umelitatua shairi kabla halijaanza kukusumbua. Sisi hutumia *pendo*, neno la mashairi ya zamani na la nyimbo za dini pia, kwa sababu linakaa pande zote mbili.

Kama walisisitiza lugha ya wazi, mbona mashairi yao yamejaa picha?

Ni kweli walisisitiza. Mwaka 1640 walichapa huko Cambridge, Massachusetts, kitabu cha Zaburi walizozitafsiri upya kwa ajili ya kuimba, na dibaji yake inasema madhabahu ya Mungu haihitaji kung'arishwa na sisi. Hiyo yenyewe ni sitiari, inayotoka Kutoka 20, ambako Waisraeli wanakatazwa kujenga madhabahu kwa mawe ya kuchonga. Watu waliotetea lugha isiyo na mapambo walishindwa kuitetea bila lugha ya picha, na wala hawakuona kasoro.

Hawakuona kasoro kwa sababu Biblia husema hivyo hivyo: mchungaji na kondoo, mzabibu na matawi, bibi arusi na bwana arusi. Picha iliyokuwa na cheti cha Maandiko haikuhesabiwa kuwa pambo. Picha za kazi za mikono nazo zilikubalika, maana mahubiri yalijaa mbegu, chumvi, tanuri na nyuzi. Walichokwepa ni picha za kuonyesha kwamba mwandishi ni fundi. Taylor, tuseme ukweli, hakukwepa sana.

Nianze na shairi lipi?

Anza na "To My Dear and Loving Husband" la Bradstreet, mishororo 12. Fuata na "Huswifery" la Taylor, mishororo 18, kisha shairi la Bradstreet kuhusu kuungua kwa nyumba yake, mishororo 54. Soma kila moja kwa sauti mara mbili kabla ya kugusa maelezo ya mtu yeyote.

Shairi la Bradstreet kwa mumewe linafanyaje kazi?

Tuliangalie kwa karibu, kwani maswali mengi tunayoletewa yanaanzia hapa. Ni jozi sita za mishororo, kila jozi ina kina chake cha mwisho, na kila mshororo una silabi kumi au kumi na moja.

Mishororo mitatu ya kwanza inaanza kwa maneno yale yale: kama kuna wawili waliowahi kuwa mmoja, ni sisi, kama kuna mume aliyependwa na mkewe, ni wewe, kama kuna mke aliyeona raha kwa mumewe… Sikio linangoja "ni mimi". Haliletewi. Mshororo wa nne unawageukia wanawake wengine na kuwachokoza: jilinganisheni nami, mkiweza. Takriri imejengwa mara tatu ili ivunjwe mara ya nne, na palipovunjwa pametokea majigambo. Kwa mke wa Kipuritani hayo si madogo.

Kisha inakuja chuku: pendo lako nalithamini kuliko migodi mizima ya dhahabu na utajiri wote wa Mashariki. (Mashariki hapa ni India na visiwa vya viungo, kama Mwingereza wa zama zile alivyoiwaza.) Angalia kwamba ameingia sokoni. Mishororo inayofuata imejaa msamiati wa mali: kuthamini, malipo, kulipa, kutuza. Mume ana madai. Mke anasema hana namna ya kulipa, kwa hiyo anaomba mbingu zimlipie, tena maradufu. Kwa msikilizaji wa Kikalvini hii ndiyo hesabu aliyoisikia kila Jumapili: mwanadamu anadaiwa, hawezi kulipa, anayelipa ni mwingine. Bradstreet ameichukua lugha ya neema akaiweka chumbani.

Katikati ya soko hilo umo mshororo wa saba: pendo langu, mito haiwezi kulizima. Hilo ni Wimbo Ulio Bora 8:7. Moto haukutajwa popote; umeingizwa na kitenzi peke yake. Na kitenzi hicho cha Kiingereza hutumika pia kwa kukata kiu, kwa hiyo pendo linaweza kuwa moto usiozimika au kiu isiyokatika. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua.

Jozi ya mwisho ndiyo ngumu. Anasema: tuwapo hai, tudumu katika pendo kiasi kwamba tutakapokuwa hatuishi tena, tuishi milele. Neno la *kudumu* alilotumia ni neno la mafundisho: Wakalvini husema watakatifu walioteuliwa watadumu hadi mwisho. Sasa swali: je, pendo la ndoa linawapatia uzima wa milele? Mchungaji wake angekataa papo hapo. Njia ya kulitetea shairi ni kusema kwamba pendo hilo ni dalili ya kuteuliwa, na wala halisababishi lolote. Ila sarufi yake haisemi dalili. Inasema "kiasi kwamba". Tunavyoona sisi, aliiacha fundo hiyo ilegee makusudi, na anayeikaza sana upande mmoja analipunguza shairi.

Anapomwita mumewe jua, si ibada ya sanamu hiyo?

Swali linahusu barua ya kishairi ya mishororo 26 aliyomwandikia mumewe, Simon, alipokuwa mbali kwa shughuli za serikali ya koloni. Yeye yuko Ipswich, mji wa Massachusetts, mume yuko kusini.

Fuata jua lilivyo angani kule. Massachusetts iko mbali kaskazini mwa ikweta. Disemba jua huhamia kusini, kwenye buruji (kundi la nyota) ya Jadi, na nchi huganda. Juni hurudi kaskazini, kwenye buruji ya Kaa, na joto hurudi nalo. Mume amekwenda kusini, jua limekwenda kusini, mke ni ardhi iliyovaa nyeusi. Anaita: rudi, jua langu tamu, toka Jadi. Watoto ni matunda aliyozaa kwa joto la jua hilo, na nyuso zao ni picha hai za baba yao. Msomaji wa Mbeya au Njombe ageuze kalenda, maana kwake Juni ndiyo ya kuvaa sweta.

Kuna kichekesho kidogo humo ambacho wengi hukiruka. Jua likiwa kusini, siku za kaskazini huwa fupi. Yeye anasema siku zimekuwa ndefu, zinachosha, na anashangaa mwenyewe: ajabu gani hii! Sitiari imegongana na falaki, na huzuni ndiyo iliyoshinda.

Kuhusu ibada ya sanamu, shairi lina kinga yake. Mume akae, asiondoke kamwe, *mpaka* amri ya maumbile itakapomwita. Jua hili lina mwisho, na amesema hivyo kwa mdomo wake. Mishororo miwili ya mwisho, mifupi kuliko mingine yote, inarudi Mwanzo 2:23: nyama katika nyama, mfupa katika mfupa.

"Huswifery" ya Taylor ina maana gani, kifaa kwa kifaa?

Ni sala ndani ya sitiari moja ndefu: utengenezaji wa nguo kuanzia uzi hadi vazi. Bila kujua kazi yenyewe shairi linabaki ukungu, kwa hiyo hatua ni hizi:

1. Sufu hushikwa na kijiti kirefu. Kijiti ni Neno la Mungu.
2. Mabawa yanayozunguka kwa kasi husokota uzi. Ni hisia za moyo.
3. Bobini hupokea uzi uliosokotwa, ni nafsi.
4. Fremu ya kuzungushia huutoa uzi kwenye bobini na kuufanya mafungu, ni mwenendo.
5. Kitanda cha mfumi ni mtu mwenyewe. Roho Mtakatifu anajaza vibomba vya uzi wa mshindio, na Mungu anafuma.
6. Kinu hupondaponda nguo iliyoloweshwa mpaka ishikamane. Ni maagizo ya kanisa, yaani mahubiri na sakramenti.
7. Nguo inatiwa rangi za mbinguni, inapambwa maua ya peponi, kisha inavalishwa akili, utashi, hisia, hukumu, dhamiri, kumbukumbu, maneno na matendo.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, vitenzi karibu vyote ni vya kuomba: nifanye, fuma, tia rangi, vika. Mtu hafanyi kazi yoyote. Yeye ni chombo. Ukalvini wote umo kwenye vitenzi hivyo. Pili, sufu yenyewe haitajwi. Tunaona inayoishika na inayoisokota, lakini kinachosokotwa hakina jina, na wahakiki wengi hukijaza kwa kusema ni neema. Tatu, mtu anabadilika: ubeti wa kwanza ni gurudumu la kusokotea, wa pili ni kitanda cha mfumi, wa tatu ndiye mvaaji. Huko siyo kuchanganya sitiari kwa uzembe, kwani nguo lazima ifike mahali, na mahali penyewe ni arusi ya Mathayo 22, ambako mgeni asiye na vazi anatupwa nje.

Kosa la kawaida: kutafsiri lile neno la hatua ya nne, *conversation*, kama "mazungumzo". Kwa Kiingereza cha karne ya 17 lilimaanisha jinsi mtu anavyoenenda.

Taipolojia ni nini, na inatofautianaje na sitiari?

Sitiari anaitunga mshairi. Taipolojia, kwa imani yao, ameitunga Mungu ndani ya historia: jambo la Agano la Kale lilitokea kweli, na papo hapo lilikuwa kivuli cha Kristo. Yona siku tatu tumboni mwa samaki ni kivuli cha kaburi. Mana ya jangwani ni kivuli cha mkate wa uzima. Katika sitiari, upande mmoja ni picha tu. Katika taipolojia pande zote mbili ni halisi.

Taylor alizichanganya zote mbili katika tafakuri zake za kujiandaa kwa Meza ya Bwana, zaidi ya 200, alizoziandika kuanzia 1682 hadi 1725. Ile ya 8 ya mfululizo wa kwanza, juu ya Yohana 6:51, inaanza na nafsi kama ndege wa peponi aliyefungiwa tundu la fito, aliyedonoa tunda lililokatazwa akakosa chakula. Mungu anasaga ngano safi, ambayo ni Mwanawe, anakanda, anaoka, malaika wanaandaa meza. Mkate huo Taylor anauita keki ya sukari ya mbinguni. Baadhi ya wasomaji huona ni utani uliovuka mpaka. Sisi tunaona ni jiko la kawaida limepelekwa mbali iwezekanavyo, na ndiyo ladha yake.

Nyumba ikiungua, imani inasema nini?

Nyumba ya Bradstreet iliteketea usiku wa 10 Julai 1666. Katika shairi anambariki Mungu aliyetoa na kutwaa, kama Ayubu 1:21, na hapo mahubiri yangeweza kuisha. Hayaishi. Anaendelea kupita kwenye magofu akionyesha kwa kidole: hapa lilisimama sanduku lile, pale kasha lile, mgeni hataketi tena chini ya paa lako, mshumaa hautawaka ndani yako, sauti ya bwana arusi haitasikika. Orodha hiyo ya vitu ndiyo pendo lenyewe, bila kutajwa jina.

Ndipo anaukemea moyo wake na kuuelekeza kwenye nyumba ya juu, iliyojengwa na Mjenzi mkuu na kulipiwa tayari. Msomaji wa pwani atakumbuka Al-Inkishafi, ambamo mshairi naye anausemesha moyo wake mbele ya majumba ya Pate yaliyozimika taa. Hakuna uhusiano wowote wa kihistoria kati ya mashairi hayo. Yanafaa tu kusomwa pamoja.

Mshororo wa kabla ya mwisho uusome polepole. Hasemi "siupendi tena ulimwengu". Anaomba asiachwe aendelee kuupenda. Aliyekwisha acha haombi hivyo.

Na watoto wanapokufa?

Mjukuu wake Elizabeth alifariki Agosti 1665 akiwa na mwaka mmoja na nusu. Shairi lina beti mbili za mishororo saba. Picha zake ni za shamba: miti huoza ikishakua, matunda huanguka yakishaiva, nafaka hukatwa ikikomaa. Kila kitu kina wakati wake. Halafu anasema mche mpya kung'olewa na tumba lililochanua punde kuishi muda mfupi hivyo ni kwa mkono wa Mungu peke yake. Kitheolojia ni sawa kabisa. Lakini orodha ya maumbile iliyotangulia imeshaonyesha kwamba kifo hiki hakifuati utaratibu, na shairi haliurudishi.

Makosa gani hujitokeza zaidi katika insha?

La kwanza ni kuorodhesha tamathali: "kuna tashbihi, kuna chuku, kuna takriri", bila kusema kila moja inafanya nini. Chukua moja, ifuate mpaka inapovunjika au inapogeuka. Hapo ndipo penye hoja.

La pili ni kumfanya Bradstreet mwasi wa siri asiyeamini. Aliamini. Mashairi yana nguvu kwa sababu aliamini na bado aliumia.

La tatu ni kuwaingiza John Donne na George Herbert kwenye orodha ya Wapuritani. Hao walikuwa makasisi wa Kanisa la Kiingereza. Taylor amejifunza mengi kwa Herbert, ndiyo maana watu huchanganya. John Milton, kwa upande mwingine, ni Mpuritani, ingawa alikuwa na mawazo yake mwenyewe kuhusu mambo mengi.

La nne ni tarehe. Kitabu cha kwanza cha Bradstreet kilichapwa London 1650, baada ya shemeji yake kuupeleka mswada huko. Mashairi ya mapenzi hayamo. Shairi alilomwandikia mumewe lilitoka kwenye toleo la Boston la 1678, miaka sita baada ya kifo chake, na lile la nyumba lilingoja hadi 1867. Taylor naye alifariki 1729, lakini mashairi yake hayakufahamika mpaka yalipopatikana Yale na kuanza kuchapwa 1937. Kwa hiyo usiandike kwamba Taylor "aliathiri" ushairi wa karne ya 19.

Nikitaka kuyatafsiri kwa Kiswahili, nitakwama wapi?

Kwenye vipimo kwanza. Kiingereza hupima kwa mkazo, sisi kwa idadi ya mizani. Mishororo ya silabi kumi haitoshi kubeba maneno yetu marefu; tunashauri mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na mwisho. Utapoteza ufupi, utapata wimbo.

Pili, buruji. Bradstreet anataka jua lake liwake ndani ya buruji ya Kaa ya kifua chake. Jina la kitabu la buruji hiyo ni Saratani. Ukiandika "saratani ya kifua changu", msomaji wa leo atafikiri hospitali. Andika Kaa.

Tatu, utani wa maneno. Katika "The Author to Her Book" anakisemesha kitabu chake kilichochapwa bila idhini kama mtoto mlemavu aliyetolewa hadharani na matambara. Anamwosha uso, madoa yanazidi. Anamnyoosha viungo ili miguu ilingane, mtoto bado anachechemea. Kwa Kiingereza neno la mguu ndilo pia neno la kipimo cha mshororo, kwa hiyo mtoto na shairi vinachechemea pamoja. Kwa Kiswahili miguu haina kazi hiyo. Iache, umpeleke mtoto kliniki: mama anampandisha kwenye mizani, na mizani haitimii.